Jibini la Maziwa Yaliyochacha

Moshi ndio uliotukutanisha. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu, na mume wangu, mfanyakazi wa reli, alikuwa amepewa nyumba ya matofali ya vyumba viwili katika mtaa wa Waafrika mjini Élisabethville. Jumapili moja baada ya misa nilianika uani mashuka yangu ya harusi. Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kupita paa la nyumba, na mpaka kati yetu na jirani ulipita katikati yake. Ghafla kichuguu kile kikaanza kutoa moshi. Ulitokea upande wangu na kuingia moja kwa moja kwenye mashuka.

Nilizunguka upande wa pili mbio, kitenge kikinifunguka kwa hasira. Nikamkuta mwanamume wa makamo, amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, amepiga magoti mbele ya kichuguu kama mtu anayeungama. Alikuwa amechimba tumbo la kichuguu, akatengeneza tanuri, na mlangoni ameweka kipande cha bati.

"Baba, moshi yako inaharibu mashuka yangu!"

Hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu. "Ngoja kidogo, mama. Sasa hivi njo inafufuka."

"Nini inafufuka?"

"Kuya uone." Kwa Kiswahili cha mtaa wetu "kuya" ni njoo, na "njo" ni ndiyo.

Nilipiga magoti kando yake, maana hasira yangu ilikuwa imeshaingiliwa na harufu. Alisogeza bati kwa upana wa vidole viwili. Ndani, juu ya sinia, kulikuwa na vipande vya unga vilivyokunjwa kama bahasha, na vilikuwa vinafura mbele ya macho yangu, tabaka juu ya tabaka, kingo zikigeuka rangi ya dhahabu. Mtu yule akaanza kupiga makofi polepole, kisha haraka, akasimama, na miguu yake ikaanza kucheza yenyewe. Kisha akavitoa kwa kibao kirefu, akaweka kimoja juu ya jani la mlimau, akanipa. Niliunguza ulimi. Nilikula chote nikiwa nimesimama, na nilipokumbuka mashuka yalikuwa yameshakuwa ya kijivu.

Mtaa mzima ulimwita Mpishi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu kanisani, na hapa sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata mke wake, mwanamke wa Pweto asiyependa maneno mengi, alimwita Mupishi. Ilikuwa ndiyo kazi yake: alipika kwa Madame mmoja, mke wa mhandisi, katika mji wa Wazungu, tangu siku ambazo nilikuwa bado nacheza mavumbini kwetu kaskazini. Alitoka kabla ya jua na kurudi baada ya kuwapa Wazungu chakula chao cha jioni. Jumapili alasiri na Alhamisi alasiri zilikuwa zake. Siku hizo mbili, wakati wanaume wengine walikaa wakinywa na kupumzika, yeye alipika tena.

Wanaume walimcheka. Mwanamume kupika kwa Wazungu ilikuwa kazi kama kazi nyingine, lakini kupika nyumbani kwako, wakati mke yupo? Mume wangu mwenyewe alisema, "Ule muntu, ile moto ya jiko imemupanda ku kichwa." Lakini nilipomletea gato ile, alikula akiwa ameupa ukuta uso, ili nisione anavyoifurahia.

Gato, ndivyo tulivyoziita. Hazikuwa kitu cha ajabu. Unga, siagi, jibini bichi na chumvi kidogo, basi. Ndani yake aliweka jibini lililokorogwa na sukari na kiini cha yai, au jamu ya mapera aliyochemsha mwenyewe. Yai hakulitia kwenye unga, wala hamira. "Hii unga inapanda na baridi," aliniambia, na mimi nikacheka, maana kitu gani kinapanda na baridi? Alinichukua mkono, akanigusisha siagi aliyokuwa ameiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa gunia lililolowa maji. "Siagi ikiingia mu moto ikiwa baridi, inashtuka, inasukuma unga. Ikiingia ya moto, inalala. Unaona?" Nikaona.

Kwa mikono yake alikuwa na adabu kuliko padri. Alinawa hadi kwenye viwiko, akajifuta, kisha akanawa tena kana kwamba aliyenawa mara ya kwanza ni mtu mwingine. Alikuwa na aproni mbili, moja ya kwa Madame na moja ya nyumbani, na hazikuchanganyika hata kwenye kamba ya kuanikia. Ya nyumbani aliipiga pasi mwenyewe. Ya kwa Madame alimwachia mkewe.

Kwa Madame, walisema waliofanya kazi naye, alikuwa kimya kama kabati. "Oui, Madame." "Non, Madame." Lakini uani kwake alizungumza na unga, tena kwa Kifaransa. "Doucement, doucement," yaani polepole, usiogope. "Voilà." Kifaransa alichozungumza na unga kilikuwa kizuri kuliko kile alichozungumza na Wazungu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasemi na unga kwa Kiswahili. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini padri hasomi misa kwa Kibemba. "Hii unga ilitoka mbali, mama. Acha isikie sauti inajua."

Hasira zake zilikuwa za haraka na za ajabu. Siku moja nilifungua bati la tanuri kabla ya wakati, kwa hamu tu ya kuona. Gato zote zililala kama kuku aliyenyeshewa. Hakunipigia kelele. Alichukua sinia, akamwaga zote kwenye kichuguu, akaingia ndani. Siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu nikasikia anagonga ua. Alikuwa ameshika bakuli la unga. "Leo utakanda weye," akasema, "ili ujue nini ulimwaga." Nilikanda. Alisimama nyuma yangu, na kila nilipobonyeza kwa nguvu alisema, "Haiko nguo, mama! Usifue!" Mpaka leo vidole vyangu vinamsikia.

Alikuwa Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha makaa. Lakini mwezi wa Waislamu ulipoandama, yeye ndiye alikuwa na haraka kuliko fundi cherehani wetu, mzee wa watu wa Maniema aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku za kawaida siagi ikipungua alichanganya mafuta ya nguruwe. Kwa ajili ya Idi alisugua sinia kwa mchanga na majivu mara tatu, akalisuuza, akalianika juani kutwa nzima, akatumia siagi tupu. Fundi alimwambia, "Mzee, inatosha, ninakuamini." Mpishi akajibu, "Weye unaniamini. Mi niko najua ile sinia."

Na jibini? Hapa ndipo penye ujanja wake wote. Maziwa ya mji wetu yalitoka kwenye shamba la ng'ombe la Mzungu mmoja upande wa Karavia, na mfanyakazi wa shamba aliyazungusha kwa baiskeli ya matairi matatu kwa nyumba za Wazungu. Mwezi wa kumi, joto linapobana kabla ya mvua, maziwa yaliyobaki yalichacha kabla ya saa sita, na yule mtu aliyamwaga mferejini. Mpishi alikuwa amemwambia asimwage. Tangu hapo kila Alhamisi na Jumapili maziwa yaliyochacha yalisimama mlangoni kwake. Aliengua malai ya juu akayatia kwenye chupa, akaitikisa hadi siagi ikaja. Yaliyobaki aliyapasha moto juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akayakamulia ndimu, yakakatika. Akayachuja kwa kitambaa, akayakandamiza kwa jiwe. Basi, jibini. Kitu kilichokuwa kinaelekea mferejini!

Gato zake aliwagawia wote, hata waliomcheka. Jinsi ya kuzitengeneza hakumwambia mtu. Mimi tu. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alionyesha kichuguu. "Weye njo unakula moshi. Basi kula na siri." Nami nilifurahi kuwa na siri ile kana kwamba nimepewa shanga za dhahabu. Ndiyo maana ninapofika kwenye jambo lililompata, lazima niseme wazi kwamba lilitoka kinywani mwangu.

Ilikuwa sikukuu ya parokia. Wanawake wa kila barabara walipanga meza na vyakula uwanjani mwa kanisa, na mimi na mke wa Mpishi tulipanga gato juu ya majani ya mlimau. Yeye mwenyewe alikuwa kazini. Wazungu wake walikuwa na wageni jioni, wakamnyima alasiri yake ya Jumapili. Saa tisa wakaja akina Madame wa mjini, kofia na glavu, kutuangalia na kununua vitu vidogo. Mmoja wao akasimama mbele ya meza yetu, akachukua gato, akauma. Akasimama tuli. Akachukua nyingine.

"Hii gato nani natengeneza?" akauliza kwa Kiswahili chao cha jikoni.

Mke wa Mpishi alinigusa mguu chini ya meza. Alikuwa amemtambua. Mimi sikuelewa, nilikuwa nimejaa furaha hadi kooni. "Ni Mupishi!" nikapaza sauti, watu wa meza ya tano wakageuka. "Anatengeneza yeye mwenyewe, ku nyumba yake! Anafanya kazi kwa Bwana mhandisi!"

Uso wa yule Madame ukajifunga. Akaiweka ile nusu ya gato mezani, akavuta glavu zake, akaondoka. Hapo ndipo mke wa Mpishi aliponiambia, polepole kabisa, "Ile njo Madame yake."

Jumatatu kabla ya adhuhuri Mpishi alirudi nyumbani kwa miguu, aproni ya kwa Madame ameikunja mkononi. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Madame alikuwa amefunga stoo kwa ufunguo. Alisema kwamba miaka yote hii siagi yake na fromage yake, yaani jibini la kopo, vilikwisha haraka, na sasa amejua vinakokwenda. Bwana alimpa hadi Ijumaa kukiri. Asipokiri, angeandika neno la wizi kwenye kitabu chake cha kazi.

Mtu wa leo huenda asielewe uzito wa neno lile. Mwenye neno lile kitabuni hakupata kazi kwa Mzungu yeyote. Asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Angepandishwa treni na mkewe, kurudishwa kwenye kijiji alichokiacha akiwa kijana, na nyumba wangepewa wengine.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono juu ya magoti. Tanuri lilikuwa baridi. Nilikwenda kumsalimia, naye akaniuliza kama mashuka yangu yamekauka. Sikuwa nimefua siku ile. Nikarudi ndani nikalia.

Mume wangu alinionya. "Usijitie. Mambo ya Bazungu haiko yetu. Bataniandika na mi ku reli." Alikuwa na haki ya kuogopa, simlaumu. Lakini Jumatano asubuhi, alipokwisha kwenda kazini, nilimngojea mtu wa maziwa kwenye njia panda. Nilipata chupa ya yaliyochacha, nikachuma ndimu moja, nikaenda. Nilivuka uwanja mtupu ule uliotenganisha mtaa wetu na mji wa Wazungu, jua likinipiga utosini, nikirudia maneno yangu ya Kifaransa kama mtoto wa katekisimu. Nilipofika mlango wa nyuma wa nyumba ile, yote yalikuwa yametoroka.

Madame alifungua mwenyewe, nywele zimemtoka, nguo ina madoa. Siku tatu bila mpishi.

"Nini?"

Nikamwonyesha chupa. Akainusa, akageuza uso. "Maziwa mubaya hii. Tupa!"

"Ndiyo, Madame. Hii mubaya njo fromage."

"Fromage natoka Ulaya. Mu kopo."

"Ya Mupishi inatoka hapa. Siagi vile vile. Madame, kuya uone kwa macho yako. Kama ni bongo, kama nadanganya, na mi banipandishe treni pamoja naye."

Sijui nilipata wapi maneno yale ya mwisho. Niliyasikia tu yakitoka. Madame alifuta mikono kwenye nguo yake. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwa sauti ndogo: "Jana mi napika. Bwana hapana kula." Akafunga mlango. Nilidhani nimeshindwa. Ukafunguka tena. "Kesho. Saa nane."

Alhamisi saa nane motokaa iliingia barabara yetu, na nyumba zote zikatapika watu. Madame alishuka, Bwana akashuka nyuma yake akitazama saa yake. Mtu wa maziwa alikuwa ameshaleta chupa nne. Nilimwomba zisiguswe hadi Madame azione. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mpishi. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda.

"Mi hapana mutoto wa masomo," alisema bila kuinua kichwa. "Miaka yote niliwapikia. Leo nitacheza mbele yao kama nyani?"

Nilimsihi. Fundi cherehani alimsihi. Bwana akasema neno kwa Madame, akaelekea motokaa. Ndipo mke wa Mpishi alipotoka ndani na aproni ya nyumbani, ile aliyokuwa hagusi. Aliikunjua, akamzungushia kiunoni, akafunga fundo.

"Simama," akasema. "Haiko kwa sababu yao. Mi minataka kula."

Akasimama. Akanawa mikono hadi viwiko. Akanawa tena. Bwana akageuka, akarudi.

Sijawahi kuona watu wakishangilia maziwa, ila siku ile. Aliengua malai yale mazito, akayatia kwenye chupa, akaanza kuitikisa. Lakini alikuwa na mbabula ya kuangalia, basi akampa chupa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, fundi cherehani. Fundi akatikisa hadi akachoka, akampa katekista. Katekista akanipa mimi. Chupa ikazunguka barabara nzima, mkono kwa mkono, wanawake wakiitikisa kwa kuimba na kuruka, watu wakipiga makofi. Ikamfikia Madame kwenye kiti tulichompa. Wanawake wakaacha kuruka. Madame akavua glavu, akaishika chupa kwa mikono miwili, akatikisa. Alitikisa vibaya, kama mtu anayefukuza nzi, lakini alitikisa, na mkononi mwake ndimo siagi ilimokuja. Tulisikia ikianguka ndani ya chupa, dufu, dufu. "Oh!" akasema Madame, na mtaa ukalipuka.

Maziwa yakachemka. Mpishi akakamua ndimu, akasubiri, yakakatika, mawingu meupe kwenye maji ya kijani. Fundi alikuwa ameleta kitambaa kipya, hakijaguswa na sindano. Wakachuja. Wakaweka jiwe. Siagi ikawekwa kwenye kile chungu cha gunia la maji. Saa nzima tulingoja, na hakuna aliyeondoka, hata Bwana hakutazama tena saa yake. Kisha Mpishi akakata siagi ndani ya unga, akatia jibini, na akaanza kuzungumza nao. "Doucement. Doucement. Voilà." Nikamwona Bwana akimgeukia mkewe. Miaka yote hawakuwahi kuisikia sauti ile.

Zilipoingia tanurini moshi ukatoka upande wangu, na safari hii nilikuwa nimeanua kila kitu. Mpishi alipiga magoti, akasogeza bati, akamwashiria Madame. Naye, na gauni lake, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu akachungulia. Zilipoanza kufura Mpishi alishindwa kujizuia. Akapiga makofi. Miguu ikaanza kucheza.

Bwana alikula tatu. Madame alikula moja polepole, akitazama ile chupa.

"Ya kwangu hapana hivi," akasema. "Hii muzuri zaidi." Kisha akafungua mkoba wake kutafuta penseli. "Ndimu ngapi?"

Mpishi alifuta mikono yake. "Madame, kwanza sema. Mbele ya hawa."

"Sema nini?"

"Weye unajua."

Damu ilimjaa Madame usoni hadi masikioni. Bwana alikohoa. Kuku mmoja alipita kati yetu na hakuna aliyemfukuza. "Mupishi hapana kuiba," akasema mwishowe. "Mi nakosa." Alisema kwa sauti ya chini, kwa hiyo fundi cherehani, Mungu amrehemu, akarudia kwa sauti ya muadhini ili wa nyuma wasikie.

"Ndimu moja kwa chupa mbili," akasema Mpishi. "Lakini usihesabu. Angalia. Ikikatika, acha." Na pale pale, mbele ya wote, akaeleza kila kitu, tangu malai hadi jiwe. Siri yangu ya dhahabu ikawa ya barabara nzima. Nilitegemea kuona wivu moyoni mwangu, nikakuta sina nafasi ya wivu.

Motokaa ilipokwenda nilimfuata nyuma ya kichuguu, nikamwomba msamaha. Nilisema kwamba ni mimi niliyemtaja pale parokiani, kinywa changu ndicho kilichotaka kumpandisha treni.

"Bibi yangu aliniambia," akasema, akielekeza kidevu kwa mkewe. "Alisema ulipiga makelele."

"Nilipiga, baba."

"Sana?"

"Sana."

Alitabasamu, akakwangua majivu. "Wageni ya Madame bakikula gato yangu bakauliza nani alitengeneza, anasema 'mimi.' Miaka yote, mama. Mi niko nasimama pale na sinia." Akarudisha bati mlangoni mwa tanuri. "Siku moja njo nitaomba urudilie namna ulipiga makelele. Nisikie."

Nilirudilia pale pale. Mume wangu alitoka mbio akidhani nyumba inaungua.

Mpishi alirudi kwa Madame Jumamosi ileile, na watu wengi walishindwa kumwelewa. Alisema, "Naenda kwa jiko. Ile jiko niliipanga mi." Alibaki hadi Wazungu wale waliporudi kwao. Lakini tangu wiki ile, kila Alhamisi alasiri uwanja wake ulijaa wanawake, na wanaume wawili watatu waliodai wamekuja kuangalia tanuri. Sisi tuliohama tuliondoka na elimu ile. Mimi niliondoka pia: mume wangu alihamishiwa stesheni moja mbali kwenye njia ya reli, na huko nikazaa na kulea.

Nilirudi Élisabethville baada ya miaka mingi, kuhudhuria ndoa. Siku ya pili nilikuwa katikati ya mji, na wakati huo milango mingi ya maduka ilikuwa imeanza kufunguka kwa watu kama sisi, ingawa bado uliingia ukiwa umeshika pumzi. Mbele ya dirisha la duka la keki nikaona mzee amevaa koti na kofia, mikono nyuma, anatazama ndani ya kioo. Nilimjua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

"Baba!"

Alinitazama, akanichunguza mikono kwanza, kisha uso. "Unakanda bado?"

"Bado."

"Muzuri. Tuingie."

"Humo, baba?"

"Ile ya kule nyuma, ya mukunjo. Minapita hapa siku tatu minaiangalia."

Tuliingia. Mama wa Kizungu kwenye kaunta alituangalia, akasita, kisha akauliza tunataka nini. Mpishi alionyesha. Akapewa gato moja kwenye karatasi, akaikata kati, akanipa nusu. Alitafuna amefumba macho, kwa muda mrefu. Nilijiandaa, nilijua atasema siagi ilipata joto, au jibini lina maji, au aliyekanda alikuwa anafua.

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana." Na akamgeukia yule mama. "Madame, nani anatengeneza?"

Mama yule alisita tena. Kisha akasukuma mlango wa nyuma, akaita. Akatoka mwanamke wa kwetu, kijana, kitambaa kichwani, unga hadi kwenye viwiko, macho ya hofu kama mtu aliyeitwa kulaumiwa.

Mpishi alivua kofia. Hakuwa na pa kuiweka, akanipa mimi.

"Ni weye njo ulitengeneza hii?"

"Ndiyo, baba. Iko na mubaya?"

"Siagi unakata kubwa, ao ndogo?"

Mwanamke akamtazama vizuri. Hofu ikamtoka usoni taratibu. "Kubwa kidogo, baba. Kama kunde."

"Kama kunde!" Mpishi akapiga kofi moja hewani. "Mi nilifanyaka kama njugu. Na baridi unapata wapi, hii joto?"

"Mu frigo. Lakini naamka mapema, mbele ya jua."

"Na ikifika mu moto?"

"Ah, baba, usiombe! Inaruka!"

Wakaegemea kaunta, yeye upande wake na mzee upande wetu, vichwa vimekaribiana, mikono yote minne ikikata, ikikunja na kubonyeza unga ambao haukuwapo. Mimi nilisimama na kofia. Nyuma yetu foleni ya wateja ilikuwa imefika hadi mlangoni, na wote walingoja.